Kile Tulichowaficha Wageni

Baba Padri Grigore, majirani wa Cotul Salciei, wanafunzi wa zamani wa marehemu, na ninyi wageni wetu mliosafiri kutoka Ureno, Estonia na Georgia mkafika na viatu vyenye vumbi, anayesimama mbele yenu ni mimi Liuba Vrabie, mdogo wake marehemu, baada ya mwanawe Corneliu kujaribu kuisoma karatasi hii mara mbili jana na kushindwa kuvuka mstari wa kwanza. Familia imenipa kazi hii kwa sharti kwamba nisome kilichoandikwa na nisiongeze ya kwangu, sharti ambalo nimelikubali kwa moyo mmoja na ambalo, kwa jinsi mnavyonifahamu, sitalitimiza.

Dada yetu mpendwa Agafia Burlacu, binti Prodan, alizaliwa siku ya Jumatatu tarehe 14 Machi 1949, hapa hapa Cotul Salciei, katika nyumba ya darajani, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili wa Mzee Vasile Prodan, fundi wa mapipa ya mvinyo, na Mama Parascovia. Mtoto wa pili ni mimi, niliyezaliwa mwaka 1953, na mama alikuwa akisimulia kwamba Agafia alininusa kichwani, akanitazama vidole vyote, kisha akauliza kama bado kuna muda wa kunirudisha.

Alianza shule ya hapa kijijini mwezi Septemba 1956, akaendelea na sekondari mjini Florești kuanzia 1964 hadi 1967, kisha akajiunga na chuo cha ualimu mjini Bălți, alikosoma kemia na biolojia na kuhitimu mwezi Juni 1972. Alirudi nyumbani na masanduku mawili, moja la nguo na moja la vichupa vya kioo, na baba alipoinua la vichupa akamuuliza, "Sasa binti yangu, haya ndiyo mahari yako?" naye akajibu, "Shusha taratibu baba, hayo yakivunjika tunahama kijiji."

Tarehe 1 Septemba 1972 aliajiriwa kuwa mwalimu katika shule yetu, akafundisha hapo miaka thelathini na saba bila kuhamishwa, hadi alipostaafu tarehe 31 Agosti 2009. Nusu yenu mlioketi hapa mmepita mikononi mwake, baadhi yenu mliunguza nyusi darasani kwake, na wewe, Nicanor, ambaye sasa ni mkubwa wa polisi, yule panya wa maabara aliyepotea mwaka 1988 Mwalimu alijua tangu siku ile ile kwamba alikuwa kwenye kofia yako.

Tarehe 27 Oktoba 1974 alifunga ndoa na marehemu Tudor Burlacu, fundi matrekta, mtu mpole aliyezungumza maneno kumi kwa siku na ambaye saba kati ya hayo yalikuwa "ndiyo, Agafia", na harusi yao ilichukua siku tatu, na ya nne ya kuwatafuta wapiga fidla. Walijaliwa watoto wawili, Corneliu, aliyezaliwa 1976, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma mjini Padova, na Rodica, aliyezaliwa 1981, anayeishi Bălți. Tudor alitangulia tarehe 6 Februari 2004. Marehemu ameacha pia wajukuu watatu, akiwemo Ilinca, aliyezaliwa tarehe 3 Aprili 2009, binti huyu mrefu mnayemwona mstari wa mbele, na nawaomba mlishike jina lake kwa sababu historia ya dada yangu haisomeki bila yeye.

Mwaka 2002, katika ghala tupu lililokuwa la mbegu za ushirika, marehemu alianzisha klabu ya vijana aliyoiita Pragul, yaani Kizingiti, ambayo kwayo vijana wa nchi nyingine walikuja kuishi nasi siku tisa majumbani mwetu, na wa kwetu wakaenda kuishi majumbani mwao, kisha wakaketi pamoja kujadili dunia inapaswa kushughulikia nini kwanza. Mimi niliiita klabu ile kambi ya gundi, kwa sababu kila nilipopita nilikuta watoto wa watu wakibandika vijikaratasi vya rangi ukutani, na nikamuuliza dada yangu ni lini karatasi ya njano iliwahi kumshibisha mtu. Alinijibu, "Liuba, mtoto aliyelala chini ya paa la watu, akala sahani yao na kuiosha, huyo akikua hawezi tena kuwaita takwimu." Kwa hiyo kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba kila mgeni aoshe vyombo pamoja na mwenyeji, maana aliamini kwamba mezani watu husema ya adabu na kwenye beseni husema ya kweli.

Sasa nafika mahali ambapo Corneliu aliandika mstari mmoja tu, kwamba mwaka 2009 mjukuu aliugua akapona, na mimi naona mstari mmoja hautoshi.

Mwezi Julai mwaka huo Rodica alimleta Ilinca kijijini akiwa na miezi mitatu, na kwa kuwa maziwa ya mama yalikuwa yamekauka, mtoto alikuwa akinyweshwa maziwa ya unga yaliyokorogwa kwa maji yaliyochemshwa. Wiki ile kisima cha Agafia kilikuwa kikisafishwa, hivyo maji yakaja kutoka kisima changu, kisima alichochimba baba katika nyumba ya wazazi, ambayo kwa desturi yetu hubaki kwa mtoto wa mwisho, kisima kilichosifiwa kuwa kitamu kuliko vyote, na aliyebeba ndoo ni mimi mwenyewe, kwa majivuno. Siku ya tatu midomo ya mtoto ikawa ya buluu, kisha vidole. Nicanor aliwasha gari la polisi likafika Bălți kwa dakika thelathini na tano, madaktari wakamwokoa, na mmoja wao akauliza swali ambalo hakuna kati yetu aliyelitarajia, akasema, "Maji mnachota wapi?"

Agafia alirudi, akafungua vichupa vyake, akapima. Alikuja jikoni kwangu akafunga mlango, akaniambia kwamba kisima kimejaa naitreti, kemikali inayotiririka kutoka kwenye zizi na choo cha shimo, isiyo na rangi wala harufu, isiyoondoka hata maji yachemke hadi sufuria ikauke, inayomziba mtoto mchanga pumzi. "Kifunge, Liuba." Nikamwambia baba alikichimba kwa mikono yake, na maji yale ndiyo yaliyonikuza mimi na meno yangu yote. Akasema, "Meno yako hayana miezi mitatu." Sikukifunga. Alipima visima thelathini na kimoja vya kijiji hiki, akakuta ishirini na sita ni vibaya, akayapeleka majibu kwa mwenyekiti wa kijiji, ambaye ni mume wangu Pavel, naye akayaweka kwenye saraka. Pavel yuko hapa, anakunja uso, lakini saraka bado ipo na karatasi bado imo.

Kwamba maji yaliyomdhuru Ilinca yalitoka kwangu, dada yangu hakumwambia mtu yeyote, wala Rodica, wala Tudor kaburini alipokuwa akimpigia soga. Nalisema leo mimi, kwa sababu kulibeba kumenichosha. Rodica, Ilinca, nisameheni.

Mwezi Agosti 2013 kikaja kikundi kikubwa kuliko vyote, vijana ishirini na wanne kutoka Ureno, Estonia, Georgia na hapa kwetu, na safari hii walikuja na kazi maalumu. Vikundi kama chao katika nchi nyingi vilikuwa vimeombwa kuandika ukurasa mmoja kila kimoja, kueleza wenyeji wao wanataka dunia iweke nini mbele kwa miaka kumi na mitano ijayo, na kurasa hizo zingesomwa mwezi Oktoba katika mkutano wa vijana mjini Vilnius, kisha zipelekwe kwa wakubwa wanaopanga vipaumbele. Dada yangu hakulala vizuri kwa furaha wiki nzima, maana aliona kwamba hatimaye kuna mlango ambao saraka ya Pavel haiwezi kuuzuia.

Lakini sisi tulisikia neno moja tu, wageni. Na mgeni akija Cotul Salciei mnajua wenyewe tunavyokuwa. Pavel aliamuru uzio wote upakwe rangi, akafunga choo cha shimo cha shule kwa kufuli na kutia ufunguo mfukoni, akaelekeza vijana wote waje kujisaidia kwetu, kwenye choo cha ndani. Mimi nilifungua chumba kikubwa, kile chenye mazulia ambacho sisi wenyewe hatuketi, nikatandaza kila taulo nililofuma tangu usichana wangu, na nikafanya jambo ambalo sijawahi kulisikia likifanywa na mtu mwingine yeyote. Nilinunua chupa sitini za maji Florești, nikayamimina kwenye mitungi ya udongo, nikawakaribisha wageni nikisema ni maji ya kisima cha baba. Vijana walikunywa wakasifu. Yule Duarte, kijana wa Kireno, alikunywa vikombe vinne akaniambia hajawahi kuonja maji ya namna ile, na mimi nikainua kidevu kana kwamba nimeyachimba mimi.

Vijana walizunguka nyumba hadi nyumba na daftari zao, wakiuliza, "Mama, mnakosa nini hapa?" na kila nyumba ikawajibu kwa sahani ya plăcinte, mikate yetu ya jibini, na kauli moja, "Hatukosi kitu, mwanangu, kula." Hata kwenye beseni la vyombo tuliwadanganya, maana tulikuwa tumepeana maneno.

Jumapili tarehe 11 Agosti, mchana, meza ikiwa imetandikwa uani kwangu na kijiji kizima kikiwa kimeketi, Tamta, msichana wa Georgia aliyechaguliwa kuandika ule ukurasa, alisimama akausoma. Ulisema kwamba katika Cotul Salciei wamekuta watu wasiopungukiwa na chochote, na kwamba wanaishauri dunia ijifunze ukarimu wao na ifikirie njia za baiskeli. Tulipiga makofi. Pavel alilia machozi.

Agafia aliinuka, akaenda kisimani kwangu, akateka ndoo, akaja kuiweka katikati ya meza kati ya kuku na chupa ya mvinyo, akatoa mfukoni vijikaratasi vya kupimia. Alichovya kimoja kwenye ndoo, kikageuka waridi, kisha waridi iliyokolea kama bitiruti. Alichovya kingine kwenye mtungi wangu, kikabaki cheupe. Akaviinua vyote viwili juu akasema, "Liuba, waambie wageni haya ya mtungi umeyateka wapi." Pavel akajitosa, akasema, "Ni ya kisima kingine, Mwalimu," naye akamjibu, "Naam, kile chenye kizibo cha buluu na bei ubavuni." Halafu akamnyooshea mkono na kusema, "Na ufunguo wa choo cha shule, shemeji, utoe tu, umekuharibia mfuko."

Kuna waliocheka, kuna walioondoka, na mimi niliingia jikoni nikafunga mlango nikavunja sahani mbili, zangu mwenyewe. Kupitia dirishani nilimsikia Tamta akimuuliza kwa sauti ndogo, "Bibi, kwa nini walituambia hawakosi kitu?" na dada yangu akamjibu, "Kwa sababu mliuliza vibaya. Msiwaulize watu wanakosa nini, hakuna mwenye heshima atakayejibu. Waulizeni wanaficha nini wageni wakija." Nilitegemea atamalizia kwa kisa cha mtoto na kisima changu, nikashika ukingo wa meza nikisubiri. Hakukisema.

Vijana waliahirisha safari kwa siku mbili wakarudi nyumba kwa nyumba na swali jipya, na ukurasa uliokwenda Vilnius ulikuwa mwingine kabisa. Tamta alipousoma kule, wajumbe wa nchi nyingine nao wakaanza kuulizana kwao kunafichwa nini, Duarte akasimama akasema kijijini kwao wanaficha wazee wasiotembelewa na mtu, na orodha waliyoikuta imechapwa tayari ikapanguliwa na kupangwa upya. Ninayo nakala ya waraka wa mkutano ule, na katika ukurasa wa kumi na moja imeandikwa kwamba anayehesabu watu wenye maji asihesabu visima, apime maji. Wakubwa waliopelekewa waliusoma au waliutumia kufungia mbegu za alizeti, mimi sijui, na sisemi dada yangu alibadilisha dunia, maana angekuwa hai angenikatiza. Ninachojua ni kwamba shule yetu ilipata vyoo vya ndani mwezi Septemba 2016, kwamba mabomba kutoka kisima kirefu cha mashine yalifika mtaa wa juu Novemba 2018, na kwamba vijana waliopita Pragul ndio walioandika barua, wakarudi likizo, wakachimba mitaro.

Mimi sikumsemesha dada yangu mwaka mmoja na miezi minane. Nilihama benchi kanisani. Tarehe 20 Aprili 2015, siku ya Pasaka ya Marehemu, tulikutana hapa makaburini, kila mmoja na kapu lake, juu ya kaburi la wazazi wetu, na yeye, mjanja wa wajanja, akaninyooshea mkate na kikombe akasema, "Kwa ajili ya roho ya mama." Mnajua sadaka ya marehemu haikataliwi. Nikapokea, nikatazama ndani ya kikombe, nikauliza, "Ya wapi haya?" Akasema, "Ya dukani, kunywa, usiogope," na tukacheka hadi Baba Padri akasimamisha sala kututazama. Wiki ile Pavel alifunika kisima cha baba kwa zege, na mtaro wa bomba letu, miaka mitatu baadaye, Agafia aliuchimba pamoja na vijana akiwa na umri wa miaka sitini na tisa, akinisimamia mimi nichimbe kwa kasi.

Mwezi Novemba 2024 marehemu alianza kusumbuliwa na moyo. Hapa tulimgundua kuwa ni mmoja wetu kabisa, kwa sababu daktari alipomtembelea alimkuta amepaka rangi ya midomo, plăcinte mezani, na kila alipoulizwa anajisikiaje alijibu kwamba hana tatizo lolote, labda daktari mwenyewe amekonda. Nilivumilia dakika tano. Kisha nikasimama nikasema, "Daktari, huyu ni mwongo. Hawezi kulala chali, anasinzia kwenye kiti, na miguu aliyoficha chini ya hilo blanketi imevimba kama mkate." Alininunia kwa hasira kubwa, hakunisemesha dakika arobaini kamili, na siku hiyo hiyo akalazwa Bălți, ambako daktari alituambia kwamba angechelewa wiki nyingine tusingempata. Gari la hospitali lilipokuwa likiondoka alinishika kidole akasema, "Sasa tumelingana." Tulipata miezi sita zaidi, akaiona Pasaka, akamwona Ilinca akitimiza miaka kumi na sita, na akalala usingizi wake wa mwisho nyumbani, alasiri ya Jumatano tarehe 14 Mei 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bălți waliomwokoa Ilinca zamani na kutuongezea siku za Agafia juzi, majirani waliopika bila kuitwa, walimu wenzake, Nicanor na gari lake, na vijana wa Pragul wa nchi zote, ambao usiku wa kuamkia leo wamelala kwenye mazulia ya chumba changu kikubwa, na tangu leo chumba kile kiko wazi.

Asubuhi hii Tamta, ambaye sasa ni mhandisi wa maji kwao, alinikuta jikoni nikimimina divai, akaniuliza kwa upole kama kuna kitu tunachopungukiwa. Nikafungua mdomo nimjibu kama nilivyozoea miaka sabini, nikaufunga, nikaweka chupa chini, nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Dada." Tukaosha vyombo wote wawili hadi vikaisha.

Basi pumzika, Agafia, kwa hiyo amani ambayo wewe mwenyewe hukuwahi kutuachia hata siku moja, na ambayo sasa tumeipata hatujui tuifanyie nini.